"Mwalimu, wewe unavuna mara ngapi kwa mwaka?"

 

Ninaandika kutoka Mpui, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, kando ya barabara itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga. Nilihamishiwa huku mwaka 2023 kufundisha, na pamoja na masomo mengine nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu. Waislamu huku ni wachache, nasi twajuana kwa majina. Mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali kiasi kwamba mtu aliyekulia Pwani hutawadha kwa ajili ya Alfajiri huku akitetemeka. Mvua huanza Novemba ikaisha Aprili, mahindi huvunwa mara moja, na mara hiyo moja ndiyo mwaka mzima wa mkulima.

Tarehe 17 ya mwezi wa Februari 2024, baada ya swala ya Magharibi, nilimfuata mzee mmoja wa hapa ambaye hukaa safu ya kwanza msikitini. Nilikuwa na shida ya debe moja la mahindi. Mshahara wa Januari ulikuwa umekwisha na wa Februari haujaingia. Nikajieleza kwa maneno mengi kama ilivyo kawaida ya mkopaji. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwalimu, wewe unavuna mara ngapi kwa mwaka?"

Sikuelewa. Akafafanua: "Serikali inakulipa mara ngapi?"

Nikamjibu, "Mara kumi na mbili, mzee wangu."

"Mimi mara moja," akasema. "Sasa imekuwaje wa mara kumi na mbili aje kukopa kwa wa mara moja?"

Debe alinipa. Alimwita mjukuu wake akaniletea hadi nyumbani, wala hakumwambia mtu. Lakini lile swali sikulala nalo vizuri, na leo nimeona niwaletee ninyi ndugu zangu wa mijini, wenye mishahara, maduka na vibarua vya kila wiki, kwa sababu naamini si mimi peke yangu ninayestahili kuulizwa.

Mzee yule hajasoma shule zaidi ya madrasa na darasa la nne. Baadaye aliniingiza kwenye ghala lake nikaona anavyofanya. Mwaka ule alikuwa amepata magunia 40. Kabla ya kitu chochote yalitoka manne, kwa sababu Allah (s.w.) katika Surat al-An'am aya ya 141 ameagiza haki ya mazao itolewe siku ya kuvunwa, na Mtume (s.a.w.) ameifanya kuwa moja ya kumi kwa shamba linalonyweshwa na mvua na nusu yake kwa linalonyweshwa kwa jasho la mtu, pindi mazao yakifikia wasaq tano, ambazo wanazuoni wengi wa leo huzikadiria kuwa kilo 650 hivi. Yalibaki 36. Kumi na mawili ni chakula cha nyumba, gunia moja kila mwezi. Kumi ni ya shamba lijalo, yaani mbegu, mbolea na vibarua. Manne huuzwa palepale Juni, bei iwe nzuri iwe mbaya, kwa ajili ya nguo na mambo ya watoto. Sita huhifadhiwa kwenye mifuko ile isiyopitisha hewa inayoitwa kinga njaa, maana huku dumuzi akikuta gunia la kawaida anakuachia unga wa manjano, na hayo sita hungoja bei ipande masika. Manne ya mwisho yana alama ya mkaa, msalaba wa mistari miwili, na hayo ni ya msiba na maradhi. Hayaguswi mpaka mahindi mapya yaingie.

Nikamwambia mzee hiyo ni bajeti. Akaniambia hajui hilo neno, ila anajua kwamba "gunia lisilo na kazi huenda mjini lenyewe." Mtu wa huku anaelewa maana yake. Msimu wa mavuno ndio msimu ambao baadhi ya waume hupotea siku tatu wakarudi na redio, na wengine hurudi na mke wa pili ambaye Februari atakuja kuuliza unga uko wapi.

Ndugu msomaji, hili la kugawa mavuno kwa miezi si maarifa ya kilimo tu, wala si jambo la kuigwa kwa wahasibu. Ni mwendo wa Manabii. Katika Surat Yusuf, kuanzia aya ya 43, Allah (s.w.) anatusimulia ndoto ya mfalme wa Misri: ng'ombe saba walionona wakiliwa na saba waliokonda, na mashuke saba mabichi na mengine makavu. Nabii Yusuf (a.s.) alifasiri akiwa bado gerezani, na hakuishia kwenye tafsiri. Alitoa mpango. Mtalima miaka saba kama kawaida yenu, mtakachovuna kiacheni ndani ya mashuke yake isipokuwa kidogo mtakachokula; kisha itakuja miaka saba ya dhiki itakayokula mlichoweka, isipokuwa kidogo mtakachokihifadhi.

Tutazame vizuri hapo. Neno "kidogo" limekuja mara mbili. Katika miaka ya neema, kidogo ndicho kinacholiwa. Katika miaka ya dhiki, kidogo ndicho kinachobakizwa, na wafasiri wanasema hicho ni mbegu. Maana yake, hata katika mwaka mgumu kabisa kuna fungu lisiloliwa. Tena katika aya ya 55, Yusuf (a.s.) alipoomba asimamie hazina za nchi, alijieleza kwa sifa mbili: kwamba yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Wengi wetu katika nyumba zetu tunayo moja tu. Kuna baba mlinzi hasa, pesa haitoki mkononi mwake, ila ukimwuliza nyumba inatumia unga kilo ngapi kwa mwezi hajui. Na kuna anayejua kila bei sokoni lakini pesa haikai kwake siku mbili.

Wapo watakaosema, "Riziki anatoa Allah, haya mahesabu ni kukosa tawakkul." Hoja hii nimeisikia hata kwa watu wenye elimu. Jibu lake limo katika Sahihi Bukhari na Muslim: imepokewa kutoka kwa Umar bin al-Khattab (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiweka chakula cha familia yake cha mwaka mzima kutokana na mali ya Bani Nadhir. Cha mwaka! Nani kati yetu ana tawakkul kumzidi? Na ni yeye huyo huyo ambaye bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa miezi ilikuwa ikipita moto haujawashwa katika nyumba zake, chakula ni tende na maji. Hakuna mgongano hapo. Aliweka, na alipojiwa na mwenye haja alitoa kutoka katika alichoweka. Anayetoa hovyo kwa kuwa hajui anacho nini, na asiyetoa kwa kuwa hajui atabakiwa na nini, wote wawili wako mbali na mwendo huo.

Sasa nirudi kwangu, maana sijasema yote.

Lile debe la Februari halikuwa shida yenyewe. Shida yenyewe ilikuwa mjini Sumbawanga, kwenye droo ya mtu. Januari 2024 nilikuwa na kodi ya nyumba ambamo wazazi wangu wanaishi, mmiliki anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Nina watoto wawili wanaoanza muhula. Na mwezi wa Desemba nilikuwa nimeutumia kama watu wanavyoutumia. Ni kweli ada kwenye shule za msingi za Serikali na sekondari mpaka kidato cha nne ilikuwa imefutwa yote kufikia 2016, lakini sare, viatu na madaftari havikufutwa. Juu ya hayo, mhitimu wa chuo kikuu niliyesomeshwa kwa mkopo nakatwa asilimia 15 ya mshahara kwenda Bodi ya Mikopo kabla sijaugusa. Nikakopa shilingi 200,000 kwa mmoja wa wale wanaoitwa kausha damu. Sharti lilikuwa asilimia 30 kwa mwezi, na dhamana ikawa kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia anatoa yeye, anachukua chake kwanza, kinachobaki ananikabidhi mkononi kama mtoto anayepewa nauli.

Februari nikalipa 60,000. Machi 60,000. Aprili, Mei na Juni vivyo hivyo. Jumla 300,000, na zile 200,000 za awali zilikuwa palepale hazijapungua hata senti.

Na miezi hiyo hiyo nilikuwa naingia kidato cha tatu kufundisha somo la riba. Nilisimama mbele ya vijana wa watu nikawaeleza Surat al-Baqarah aya ya 275 mpaka 279, kwamba anayeendelea nayo baada ya kukatazwa ametangaziwa vita na Allah na Mtume wake. Nikawasomea Hadithi aliyoipokea Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mla riba, mlishaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawasawa. Kijana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mlishaji ni nani?" Nikamjibu, "Ni yule anayekopa akalipa hiyo riba." Nikageuka kufuta ubao ambao haukuwa na maandishi.

Sikuwa na dharura ya kufa njaa inayohalalisha kilichoharamishwa. Januari haikunijia ghafla, ndugu zangu. Kodi niliijua tangu Julai iliyotangulia. Shule hufunguliwa Januari tangu sijazaliwa. Riba iliingia nyumbani mwangu kwa sababu miezi ya Agosti, Septemba, Oktoba na Novemba niliila yote kana kwamba Januari ni ya jirani. Na katika miji yetu hali ni hiyo hiyo, ila jina la mkopeshaji ndilo linalobadilika. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Programu 69 zisingestawi bila wateja, na baadhi ya wateja hao walikuwa na tasbihi mkononi.

Niliyeanza kumwambia si mzee, alikuwa mke wangu. Ilikuwa Juni, usiku, watoto wamelala. Nilitegemea ugomvi. Akanyamaza muda mrefu kisha akasema, "Baba watoto, mimi nilidhani una mwanamke mwingine. Maana mshahara ulikuwa unakuja nusu." Kumbe miezi mitano mwenzangu alikuwa amebeba mzigo wa dhana ambao mimi niliusuka kwa kuficha. Naisema hii kwa akina baba wanaodhani siri ya mfukoni ni heshima ya kiume.

Kesho yake tukafungua daftari. Tulikubaliana miezi mitatu ya kwanza tusibadili chochote, tuandike tu kila kinachotoka, hata shilingi 200 ya karanga. Mwezi wa kwanza ulipoisha tukajumlisha. Vocha na bando za simu zetu mbili: shilingi 38,000. Sadaka: 4,000. Nilijumlisha mara ya pili nikidhani nimekosea. Mtu ambaye kila Ijumaa anatoa mawaidha juu ya kutoa!

Hapo ndipo niliporudi kwenye Surat al-Israa aya ya 26 na 27 nikaziona kama sijawahi kuzifundisha. Sisi hupenda kunukuu ile sehemu ya wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani, lakini aya haikuanzia hapo. Imeanza na amri ya kumpa jamaa wa karibu haki yake, na maskini, na msafiri, kisha ndipo likaja katazo la ubadhirifu. Kwa mpangilio huo, mstari wa wazazi na maskini haupaswi kuwa wa mwisho kwenye daftari, wa kujazwa na kitakachobaki, kwa sababu tunajua sote kwamba hakibaki kitu. Unaandikwa juu. Aya ya 29 ya sura hiyo ikakataza mambo mawili, kuufunga mkono shingoni na kuukunjua wote, ukabaki unalaumiwa na umefilisika. Na Surat al-Furqan aya ya 67 ikawasifu waja wa Mwingi wa Rehema kuwa wanapotumia hawafujii wala hawabani, wako katikati ya hayo. Katikati hiyo mtu aijueje bila kuandika?

Kosa nililofanya mara baada ya hapo nalo nilitaje. Mke wangu ana cherehani, anashona sare na madera. Nilipopanga mapato nikaandika mshahara wangu, chini yake nikaandika pesa ya cherehani, nikajumlisha. Akaniwekea kidole kwenye mstari wa pili: "Hii umeniuliza?" Akawa sahihi. Matumizi ya nyumba, kwa mujibu wa Surat an-Nisaa aya ya 34, yako juu ya mume, na Surat at-Talaq aya ya 7 imesema mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake na aliyebanwa atoe katika alichopewa. Mali ya mke ni yake. Akichangia ni hisani na ana ujira wake, lakini huwezi kuipanga kama vile umeirithi. Tulifuta. Wiki iliyofuata akaniambia mwenyewe kwamba nguo za Idd za watoto atazishona yeye, vitambaa ninunue mimi. Hilo tuliliandika, kwa sababu lilitoka kwake.

Niwape hesabu ya mfano kwa nyumba ya mjini, msomaji aweke tarakimu zake mwenyewe. Chukua mtu anayepokea shilingi 600,000 mkononi kila mwezi. Anasema na anaamini kwamba mshahara wake ni laki sita. Sasa tutoe kando mambo yasiyokuja kila mwezi. Kodi ya nyumba, 80,000 kwa mwezi inayolipwa miezi sita sita, ni 960,000 kwa mwaka. Mahitaji ya shule, Januari na katikati ya mwaka, tuseme 300,000. Ramadhani na Idd zote mbili, kwa kiasi bila kujionyesha, 240,000. Maradhi, misiba na safari za ghafla, 180,000. Jumla ni 1,680,000. Igawanye kwa miezi 12 unapata 140,000. Basi mtu huyu hana mshahara wa laki sita. Ana mshahara wa 460,000, na hizo 140,000 za kila mwezi si zake bali ni za Januari, za mwenye nyumba na za mgonjwa ambaye bado hajaumwa. Anayezila Septemba anakula magunia yenye alama ya mkaa.

Kwa anayepata kibarua leo na kesho hapati, mwezi si kipimo. Apime kwa kazi, kila malipo yanapoingia fungu la mbali litoke kwanza, hata likiwa shilingi 1,000.

Sisi Waislamu tuna jambo jingine ambalo vitabu vya mahesabu havitufundishi. Tunaishi kwa kalenda mbili. Mshahara na kodi hufuata jua. Saumu, Idd na zaka hufuata mwezi, na mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi. Ramadhani ya 2024 ilianza karibu na tarehe 12 Machi, ya 2025 mwanzoni kabisa mwa Machi, ya 2026 ni ya nusu ya pili ya Februari, na kwa hesabu ya falaki 2028 itakuwa mwisho wa Januari. Mwaka 2030 tutafunga mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, Allah akituweka hai. Tafakari maana yake kwa mfuko wa nyumba: Ramadhani inasogea kidogo kidogo kuikuta Januari, yaani futari na sare za shule vitaombwa kwa mshahara mmoja. Kwa mkulima wa Ufipa, Februari na Machi ndiyo miezi ambayo ghala liko chini na shamba bado bichi. Bajeti ya mwaka jana, ukiinakili ilivyo, itakuangusha.

Hata zakatul-fitri ipangwe. Pishi moja kwa kila kichwa ni kama kilo mbili na nusu. Nyumba ya watu saba ni kilo 17 na nusu, karibu sana na debe moja la mahindi. Ni debe moja tu. Na bado kila mwaka usiku wa Idd tunaona wazima wenye kazi wakihangaika kulitafuta kwa mkopo, au wakimtumia imamu ujumbe kwamba watalipa baada ya swala, ilhali wanajua muda wake ni kabla.

Sidai kwamba daftari huzuia kila pigo. Wakulima wa huku hawajasahau 2017, pale Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi na bei ikaporomoka, ghala zimejaa na hakuna mnunuzi. Mzee wangu mwaka ule aliuza magunia yake sita ya masika kwa bei ya kutupa. Nilipomwuliza aliwezaje kununua mbolea, alinionyesha ile alama ya mkaa ukutani. Ndiyo kazi ya fungu lile.

Baada ya kumwambia mke wangu, nilimwendea mzee nikamweleza na yeye. Niliona haya, lakini debe lake la Februari nilikuwa sijalirudisha, na mtu ukidaiwa huna haki ya kujificha. Hakunihutubia. Aliuliza jambo moja tu: "Mtu yule ukimpa laki mbili kamili, anarudisha kadi?" Nikasema ndiyo. Mavuno mapya yalikuwa yameingia, na yale magunia manne ya msiba ya mwaka uliotangulia yalikuwa hayajaguswa. Akayauza, akajazia kidogo. Akasema deni la riba nalo ni msiba.

Kisha akaagiza karatasi. Nikatoa kalamu niandike, maana mimi ndiye mwalimu. Akanizuia. Akamwita mjukuu wake wa darasa la sita aandike, na akataka mimi niseme kwa sauti yake aandike, mbele ya watu wawili wa msikitini: kwamba mimi fulani nimepokea shilingi 200,000, nitalipa 25,000 kila mwezi kwa miezi minane, bila nyongeza. Nilikuwa nimeifundisha aya ya 282 ya al-Baqarah, ndefu kuliko zote katika Qur'an, miaka saba. Aya imesema mwandishi aandike kwa uadilifu na mwenye deni ndiye aandikishe kwa kauli yake. Kabla ya siku ile sikuwa nimewahi kuona ikitendwa. Kuna kitu hutokea kifuani mtu anapotamka deni lake kwa mdomo wake mbele ya mashahidi huku mtoto anaandika polepole, anakuuliza, "Mwalimu, mia mbili elfu ina sifuri ngapi?"

Kadi niliipata wiki ile. Namba ya siri nilibadilisha nikiwa bado kwenye mlango wa benki.

Mwezi wa nane wa deni ulikuwa Februari 2025. Nilipopeleka elfu ishirini na tano ya mwisho, pamoja na debe la mahindi, mzee hakupokea kwanza. Alisubiri mjukuu alete karatasi, akamwamuru aandike "amemaliza," mashahidi wakatia dole, ndipo akazihesabu zile noti akazitia mfukoni. Tulipokuwa tunainuka kwenda Isha akanishika bega.

"Mwalimu, Ramadhani ya mwaka huu naiona, imebaki wiki mbili. Ya mwakani itaangukia wapi kwa miezi ya kizungu?"

Nikamwambia, nusu ya pili ya Februari, inshaallah.

Akahesabu kwa vidole kimya kimya. "Basi yale magunia sita niyauze Januari," akasema, "siyo Machi."